Mume wangu atahubiri kwenye msiba wa kijana waliyemuua

Shangazi Generosa, shikamoo. Naomba unisaidie, na majina yetu uyabadilishe, maana huku kwetu upande wa Mpwapwa gazeti likifika linasomwa na kijiji kizima. Mume wangu Faustini ni mwinjilisti wa kanisa letu na ndiye pia kiongozi wa sungusungu, kwa sababu mifugo iliibwa mno na polisi wako mbali, tukaambiana tujitegemee, kanisa tukalijenga kwa tofali zetu na ulinzi tukaufanya wenyewe, na wanaume kabla ya kutoka wanaziombea fimbo zao, na kweli wizi ulipungua, sikatai. Sasa mwezi uliopita alfajiri nilikuwa naenda kisimani nikakuta wamemzunguka Mazengo, mtoto wa pekee wa mama mjane, ana mbuzi anampeleka mnadani, na sikio la mbuzi lina alama ya zizi la Thobias, na kwetu alama ya sikio ikishaonekana hakuna wa kubisha, naye Thobias mwenyewe alikuwa amesafiri kwenda Kondoa. Mazengo akasema mbuzi ni wa mama, muulizeni Thobias akirudi. Hawakungoja. Mume wangu ndiye aliyeanza kupiga, Shangazi, nilimwona kwa macho yangu, na yule kijana kabla hajanyamaza akasema, "Basi mbuzi mrudisheni kwa mama."

Polisi walipokuja wakaambiwa ni wananchi wenye hasira kali, hakuna anayewajua. Thobias aliporudi alilia, akasema mbuzi yule alimpa Mama Mazengo mwenyewe, ujira wa kumtunzia mifugo yake, ila alishakatwa sikio tangu akiwa mdogo. Wazee wakamwambia anyamaze asivunje kijiji, na mbuzi wakamrudishia yeye zizini. Mama Mazengo bado anafagia kanisa kila Jumamosi kama zamani. Juzi alinishika mkono akaniuliza, "Mama Anitha, nasikia ulipita kule. Mwanangu alisema neno lolote?" Nikamjibu sikusikia. Jumapili hii tunamaliza msiba na Faustini ndiye atakayehubiri, nikimgusia anasema Mungu ameshasamehe, na tukilisema watoto watakula nini. Silali, na nikipiga magoti maneno hayatoki. Nampenda mume wangu. Nifanye nini?

Mama Anitha, Mpwapwa

Marahaba, Mama Anitha. Pole sana, maana kumpenda mtu na kumwogopa chini ya paa moja ni mzigo. Lakini nitakugombeza. Mama wa watu alikuomba kitu kimoja, ulikuwa nacho mdomoni, ukamnyima.

Kujitegemea ni kulima, kujenga, kulinda zizi na kumshika mwizi mpaka polisi wafike. Kuua ni kuua, hata fimbo ikiombewa. Hao wananchi wenye hasira kali ninawasoma kila wiki kwenye gazeti hili hili, na siku zote hawana majina. Wewe unawajua, na mmoja unampakulia ugali. Anasema Mungu amesamehe. Nani alimtuma amjibie Mungu? Msamaha anaouogopa ni wa Mama Mazengo, ndiyo maana hajauomba.

Usimkabili mkiwa wawili nyumbani. Watoto wapeleke kwa ndugu yako nje ya kijiji, useme wanakwenda kusalimia. Kisha mtafute Thobias, naye anaungua kama wewe, mwende kituo cha polisi cha wilaya mkatoe maelezo. Msiishie kwa mwenyekiti wa kijiji. Mchungaji mpigieni simu kabla ya Jumapili. Faustini asisimame mbele ya mama huyo kumhubiria. Atafungwa? Huenda. Utalima peke yako, na wapo majirani watakaoacha kukusalimu. Sikudanganyi kwamba itakuwa rahisi. Lakini mwenzio ameshaanza kulima peke yake, na sijasikia mtu aliyeuliza yeye atakula nini.

Mkitoka polisi, nendeni kwa Mama Mazengo. Usianze na pole, amepewa pole nyingi na watu waliomuulia mtoto. Mwambie alichosema mwanawe, neno kwa neno. Na msiende mikono mitupu. Thobias amfungue yule mbuzi mwende naye. Marehemu alishasema arudishwe wapi.