Mi Ilipopanda Siku ya Harusi

Mpendwa Nekesa,

Sisi hapa Kaloleni hatujambo. Kikohozi kimemwacha babu yako. Umeuliza jinsi kodi za gitaa zinavyoundwa bila hata kunisalimu, lakini swali lenyewe limenifurahisha mno hata nimekusamehe!

Kabla ya harusi ya dada yangu, mwalimu wa kwaya alinionya: "Wewe binti, ukituharibia wimbo, gitaa hilo litoke kanisani." Basi nikaichukua ngazi tuliyoimba kila Jumapili: do, re, mi, fa, so. Nikashika do, nikaruka re, nikashika mi, nikaruka fa, nikashika so. Sauti hizo tatu zikilia pamoja, hiyo ndiyo kodi!

Bibi harusi alipoingia, kidole changu kilikaa nusu hatua chini ya mi. Vigelegele vikakatika. Shangazi akafoka, "Kwani nani amekufa?" Mwalimu akaanza kunijia. Nikasogeza kidole kile kimoja tu, mi ikapanda, kanisa zima likalipuka kwa vigelegele. Mwalimu mwenyewe akacheza!

Ile mi ya chini usiitupe, Nekesa. Tulipomzika shangazi huyo, niliipiga kwa makusudi.

Nijibu upesi, ukianza na salamu.

Nyanya yako