Nyota Tatu Kwenye Wasifu wa Baba

Jumatatu, 4 Agosti

Stima ilirudi saa nne. Nimechapa barua mbili za shule na kadi za harusi. Mchana Musyoka akaja dukani na wasifu wa Baba kwenye simu, nimchapie. Tunamzika Jumamosi. Musyoka ni kifungua mimba wa mke wa kwanza. Mke wa pili ni mama yangu. Kwenye wasifu hayuko. Maisha yote yale na Baba, hayuko. Nimechoka hata kukasirika.

Jumanne, 5 Agosti

Kikao cha mazishi. Wazee wameamua Mama aandikwe. Musyoka alitaka ukurasa wa nyuma, karibu na shukrani. Nikakataa. Akataka kichwa, "Nyumba ya Pili". Mama akakataa. Alisema yeye si namba. Chai ikapoa. Mwishowe: ukurasa uleule wa mke wa kwanza, bila kichwa, kitu kidogo cha kutenga. Kitu gani, hakuna aliyesema. Nimeachiwa mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Mstari unakata kama ua wa boma. Nafasi tupu inaonekana kama kosa. Nimepekua alama zote za kompyuta, nikapata hii:

⁂

Nyota moja juu, mbili chini. Inatenga bila kufukuza. Nimeiweka baada ya watoto wa mke wa kwanza, kabla ya jina la Mama.

Musyoka aliiona akacheka. "Dada, umetuwekea mafiga? Haya, yaache. Lakini msomaji ni mimi. Nikifika kwa mafiga, nafunga karatasi."

Nimechapa nakala zote. Mgongo unauma.

Alhamisi, 7 Agosti

Sijamwambia Mama alichosema Musyoka. Anapiga pasi nguo ya Jumamosi.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumezika.

Musyoka alisoma vizuri. Akafika kwenye nyota, akanyamaza, akaanza kukunja karatasi. Mama, kando yangu, alikuwa akifuata kwa kidole. Kidole kikasimama.

Kina mama wa kanisa, kila mmoja na nakala yake, waliona nyota wakadhani ni mahali pa wimbo. Kwenye programu zao za ibada, nyimbo huwekewa nyota. Mmoja akaanzisha, hema zima likasimama na kuimba kwa Kikamba. Beti zote. Wimbo ulipoisha hawakuketi. Walimtazama msomaji, wakingoja. Mmoja akamhimiza, "Endelea, mwanangu. Tuko na wewe."

Musyoka akakunjua karatasi. Akasoma jina la Mama. Kisha langu. Kwa sauti ya chini, lakini maikrofoni ilikuwa mdomoni.

Nilidhani ningefurahi. Nilisikia miguu tu ikiuma.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Tumerudisha viti na sufuria za watu. Musyoka amerudi kwake Malili. Alituaga kwa mkono, mimi na Mama.

Jioni Mama alitaka nimsomee wasifu wote, toka mwanzo. Alilala kabla sijafika kwenye jina lake. Sikumwamsha. Nimemfunika leso, nikaendelea kusoma kimoyomoyo hadi mwisho.