Uso wa Salimu Ukutani

Jumatatu, 1 Septemba 1986
Nimemaliza kuwamba kitanda cha mwalimu. Kamba ukizigonga zalia kama ngoma. Malindi nzima hakuna mwambaji kama mimi. Na mchezaji wa kirumbizi, ngoma yetu ya fimbo, pia hakuna. Ujanani nikiingia uwanjani na fimbo yangu, vijana walikumbuka shughuli zao nyumbani.
Barua ya mwanangu Salimu imekuja. Mwandiko wake wa mbio siuwezi, mimi chuo cha Kurani niliishia juzuu mbili, nasoma mwandiko wangu tu. Binti yangu Zuhura kanisomea. Salimu yumo ndani ya picha ya mapigano huko Holiwudi. Picha hiyo yaja sinema yetu Jumamosi hii! Zuhura kasoma upesi, kaikunja.

Jumatano, 3 Septemba
Nimekwenda kutazama bango. Mzungu mmoja, kifua wazi. Salimu simuoni. Barazani nikasema bango lake liko njiani.
Athumani wa kahawa akacheka. "Mzee Kombo, miaka sita! Bango laja kwa miguu?"
Mjinga yule.
Ni kweli, miaka sita. Wapiga picha za sinema wa kigeni walimwona Salimu akicheza kirumbizi harusini, wakamchukua. Nilimkataza, hakusikia. Nikamwambia mbele ya mamake: usikanyage hapa mpaka uso wako ubandikwe ukuta wa sinema. Mamake alilia. Amekufa hajamwona tena mwanawe. Neno langu silirudishi.

Ijumaa, 5 Septemba
Baada ya sala nimealika watu kumi na wanne waje sinema kesho kumtazama Salimu. Kanzu imepigwa pasi. Zuhura asema, "Baba, usiende." Sababu hasemi. Nimemwambia ana wivu na nduguye.

Jumamosi, 6 Septemba
Afadhali ningevunjika mguu njiani.
Shujaa wa picha amejifunga kitambaa cheusi, macho tu yaonekana. Akashika fimbo kwa mkono wa kushoto. Akagonga chini mara mbili, akainama. Salamu ya kirumbizi! Nani Marekani anaijua hiyo? Nilimfundisha mimi, uani kwangu, kwa ufito wa mkoko. Nikasimama nikapiga kelele, "Huyo mwanangu! Huyo Salimu!" Watu wangu wakapiga makofi.
Mwisho akavua kitambaa. Mzungu. Yule wa bango, nywele kama katani.
Athumani akasema kwa sauti, "Mzee, maji ya huko yamemng'arisha mwanao!"
Sinema nzima ilicheka. Nimerudi peke yangu. Lakini ile fimbo ni ya Salimu. Naapa.

Jumapili, 7 Septemba
Nimemwambia Zuhura asome barua tena, na yale aliyoyaruka. Amelia kwanza.
Salimu aandika: "Baba, mapigano yote ni mimi. Kitambaa kikivuliwa naondolewa, anaingia mzungu. Nimewaomba waonyeshe uso wangu hata mara moja. Wasema shujaa akiwa mweusi watu hawatakuja kutazama. Katika picha nyingine nikionyeshwa uso, ni pale ninapouawa tu. Nimechoka, baba. Nataka kurudi, lakini nakumbuka neno lako. Uso wangu haujafika ukutani."
Barua zote zilikuwa hivyo. Miaka sita Zuhura alinisomea tamu akameza chungu peke yake. Nimemgombeza.
Holiwudi walimficha uso. Mlango wa nyumbani nimeufunga mimi.

Jumatatu, 8 Septemba
Sikugusa kamba. Athumani kaja mwenyewe na birika. "Samahani, mzee wangu. Mzaha wangu ulipita mpaka." Kanimiminia kikombe. Kahawa imepoa.
Kutwa nzima nagombana na nafsi yangu. Mtu mzima harudishi neno. Babangu hakurudisha, nami niliapa sitarudisha. Na mamake Salimu yuko kaburini.
Naona haya kuandika kwamba nimelia. Nimelia.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimeandika barua kwa mkono wangu. Zuhura kashika karatasi tu isipeperuke. Tangu chai ya asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, mistari mitatu.
Salimu mwanangu. Nimekuona, nimekujua kwa ile fimbo. Rudi nyumbani.
Nimeipeleka posta mwenyewe. Nimepita mbele ya sinema, bango bado lipo. Sikulitazama.
Kitanda cha Salimu kamba zake zimeoza. Nimezikata zote. Jioni nimeanza kukiwamba upya.