Mbuzi Waliokula Pamba

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Shikamoo mama, na kifua cha baba kinaendeleaje? Barua hii nampa jirani anayeshuka Witu. Mdogo wangu Rukia akusomee taratibu, maana kwenye simu mimi hukuambia ni mzima tu, kisha nakata kabla hujaisikia sauti yangu ikibadilika.

Afya ninayo, ila upweke umenikaa. Hapa Garissa watu huongea Kisomali, nami nimeshika maneno machache ya sokoni. Nikirudi kutoka mashamba ya kando ya Tana, nafunga mlango nasikiliza majirani wakicheka. Sijui wanachekea nini.

Unajua nililetwa kuwafundisha wakulima pamba ya mbegu mpya, iliyobadilishwa vinasaba ili funza wa vitumba akiila afe. Wa kwanza kuikubali alikuwa Habiba, mjane ambaye ukame ulimmalizia ng'ombe, akabaki na mbuzi wachache na kipande cha shamba mtoni. Pamba ilipoanza kufunga vitumba, mbuzi wa jirani yake, Mzee Abdi, waliingia wakala majani. Haukupita muda wakaanza kukohoa na kufa.

Mama, wiki ile niliwaogopa watu. Ilisemwa mbegu yangu ni sumu. Muuza maziwa alipita mlangoni kwangu bila kubisha. Wanawake niliozoea kuwasalimu waligeuza nyuso. Mzee Abdi alimwambia Habiba mbele yangu, "Ng'oa hii bamba, ama tutang'oa sisi." Pamba yeye huitamka hivyo.

Habiba akamjibu, "Ngoja daktari ya mifugo ione kwanza."

Daktari alikuja, akauliza kama kuna mbuzi wengine waliokufa. Wakajitokeza wafugaji wa ng'ambo ya barabara. Mbuzi wao hawakuwahi kufika mtoni, nao walikuwa wakifukia mizoga. Ilikuwa homa ya mapafu. Waliosalia wakachanjwa.

Mzee Abdi bado hakuamini. Habiba hakubishana naye. Alimfunga mbuzi wake wa maziwa kando ya shamba, yule anayemtegemea kwa chai ya watoto, akawa anamkatia majani ya pamba watu wakiona. Nilimsihi asijitie hatarini kwa ajili yangu. Akasema, "Abaayo, si kwa ajili yako. Mimi nataka kuvuna." Neno hilo kwao ni dada. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo hapa. Mbuzi yule hakuugua.

Basi vitumba vikapasuka, vizima, vyeupe. Habiba alipuliza dawa mara chache tu, ya wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, kwa kuwa mbegu hii haiwazuii hao. Nikamkumbuka baba na bomba la dawa mgongoni msimu mzima, macho mekundu, na funza bado wanakula, mpaka ukamwambia pamba basi. Nililia palepale shambani. Habiba akaniacha nilie, akaendelea kuchuma.

Juzi Mzee Abdi alikuja kuulizia mbegu. Alimuuliza Habiba. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo, hakunitazama. Nilifurahi mama, kweli, maana naye ana wajukuu wa kulisha. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa sina wa kumsimulia, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Lile shamba la kisimani msimkodishe mtu kwanza. Nikija likizo tukae na baba tulizungumzie. Asiogope, bomba hatabeba yeye.

Nisalimie baba, umbusu mkono kwa niaba yangu. Nisalimie shangazi aliyenilea, na mjomba fundi wa majahazi, mwambie kofia yake naivaa shambani. Rukia asiache shule.

Leo nimepika wali wa nazi kama wako. Nilisahau nikapika wa watu wengi.

Mwanao akupendaye,
Mwanajuma