Moto Uliouacha kwa Mama Mdogo

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wanangu. Hamjambo wote? Yule mdogo jino limeshatoka, au bado anawakesheza? Na mgongo wako unaendeleaje, bado unakuuma kwa kusimama kutwa kazini? Sisi huku hatujambo. Mimi ni goti tu linalonikumbusha umri, lakini nikiligombeza linanyamaza.

Najua umeishika barua hii ukijiuliza nimepatwa na nini. Simu ninayo, tena ina chaji. Tatizo ni kwamba kila tukiongea mama mdogo anakuwa ubavuni kwangu, sikio lake limechukua nusu ya simu, na haya ya leo hayasemeki mbele yake. Kwa hiyo kaa kitako. Usisome huku unakaanga, maana nakujua.

Kwanza nikupe raha. Siku ukija hutautambua uwanda wa chumvi. Vile vibanda vya moshi, kila mama na chake, na mafiga yake na kuni zake za kugombania, vimebomolewa. Hatuchemshi tena. Udongo wenye chumvi tunauchota kama zamani, lakini tunauloweka kwenye tangi la saruji. Maji yanapita kwenye mchanga na kokoto, yanatoka safi, tunayamwaga kwenye vitanda vipana vilivyotandikwa nailoni nyeusi. Jua ndilo linalopika. Sisi tunakwangua tu, na glavu mikononi kama madaktari wa upasuaji.

Chumvi inatoka nyeupe mpaka unaionea haya kuikanyaga. Tunaitia madini joto na kuifunga kwenye pakiti zenye picha ya jua. Hilo jua nimelichora mimi mwenyewe. Wenye wivu wanasema linafanana na yai la kukaanga, waache waseme, linauza.

Unamkumbuka yule dalali wa lori? Alikuwa anateremka bila salamu, anachovya kidole kwenye gunia, anaonja, anatema mbele yetu, halafu anataja bei huku ameshapanda lori lake. Siku hizi anaanza na shikamoo. Juzi alimkuta mwenyekiti wa kikundi chetu cha chumvi kikaoni, yule fundi cherehani aliyekushonea sare ya shule iliyokubana kwapani. Mwenyekiti akamwonyesha benchi. Akakaa hapo asubuhi nzima, kofia mapajani, mpaka tukamaliza mambo yetu. Sikumwonea huruma hata kidogo.

Na jirani yetu, yule ambaye mumewe ndiye aliyekuwa anakwenda kupokea pesa za chumvi yake, ameezeka nyumba kwa jina lake. Mume ndiye anayemletea chai kwenye vitanda vya chumvi sasa. Tena anaileta ikiwa ya moto.

Lakini kuna jambo nitakuambia wewe peke yako. Naukumbuka moshi. Usinicheke. Kazi ya siku hizi ni ya kimya. Tunamwaga maji, tunatawanyika, kila mtu anarudi kwake kungoja jua lifanye yake. Hakuna tena kukaa pamoja tukisubiri sufuria. Wakati mwingine nasimama pale katikati ya weupe ule wote na moyo unanirudi kwenye kibanda cha mama mdogo.

Unakumbuka yale madebe mawili tuliyokuwa tunayapindua na kuyafanya viti? Lako lilikuwa limebonyea katikati, nawe ulikataa katakata kubadilishana na mimi. Mama yetu alipotutoka, pale ndipo palipokuwa nyumbani kwetu hasa. Tulilia pale, tukala pale, tukafanya hesabu za shule pale. Viazi vilikuwa majivuni. Mimi nikichochea kuni na kukuamrisha, wewe ukipiga soga bila kuvuta pumzi. Wewe ukaniita Sajini, mimi nikakuita Chiriku, na majina yakatuganda mpaka leo.

Kila maji yalipopungua sufuriani, chumvi ilianza kupasukapasuka pembeni. Mama mdogo akiinua kidole kimoja, hata wewe ulinyamaza. Sijui kwa nini ile sauti ndogo ilitupendeza vile. Mwalimu wetu alidhani tunapigwa nyumbani kwa jinsi macho yetu yalivyokuwa mekundu, na siku alipokuja kuuliza alikohoa mpaka akasahau alichofuata.

Basi, mdogo wangu, kibanda hicho bado kipo. Ni hicho tu kilichobaki uwanda mzima, na humo moto unawaka.

Usidhani mama mdogo ameyapinga mabadiliko. La! Kitanda cha kwanza alikitandika kwa mikono yake. Asubuhi yuko nasi na mabuti yake ya mpira, mgao wake anaupata kama mwanachama yeyote, na akiiona ile chumvi nyeupe anaishika kama anashika kitoto kichanga. Lakini kazi ikiisha, anaingia kibandani na kuteleka kisufuria kimoja, kile cha mpini uliovunjika. Chumvi yake ile yenye majivu haiuzi. Anawalambisha mbuzi. Jioni anayafukia makaa kwenye majivu, asubuhi anayafukua na kuyapuliza. Hata masika, wakati hakuna chumvi ya kuchemsha, yumo ndani anapuliza. Kiberiti sijamwona nacho tangu sijui lini.

Tuliona ni mazoea tu ya mtu aliyekula chumvi nyingi, tukamwacha. Sasa imefika mahali hatuwezi kumwacha. Kibanda kiko upande upepo unakotokea. Mwezi uliopita mwenye duka kubwa la mjini, ambaye ndiye mteja wetu wa kutegemewa, aliturudishia mzigo mzima. Akafungua pakiti moja mbele yetu na kutuonyesha chembe nyeusi. Masizi. Alisema tukirudia tena, tusimtafute. Tukimpoteza huyo tunarudi kwa dalali na kidole chake.

Kikao kiliitwa. Mama mdogo hakuwepo, alikuwa zahanati kwa ajili ya kifua, nami hilo nitakueleza. Kila mtu alikuwa anajua la kusema na hakuna aliyelisema. Nusu ya wanawake wale walijifunza kazi kwenye kibanda chake, wengine alikuwa anawabebea watoto mgongoni ili wapumzike. Nani angemwambia azime? Mwenyekiti akaniangalia mimi. Wote wakaniangalia mimi. Hapo ndipo nilipojuta kuitwa Sajini.

Nikaenda. Nikakaa kwenye debe langu, magoti yakanifika kidevuni. Nikazunguka na maneno weee, mara habari ya mbuzi, mara habari ya mvua, yeye ananiangalia tu. Mwisho nikamweleza habari ya masizi na ya mteja. Akaitikia kwa kichwa. Akasema ni kweli, chumvi ile haifai kuchafuliwa, na ameliwaza jambo hilo kabla yetu. Nikajua nimeshinda. Nikamwambia basi tuuzime leo, tukibomoe kibanda taratibu, nitamsaidia.

Akaniambia, "Mwanangu, moto huu si wangu. Mwenyewe alisema usizimike mpaka arudi."

Chiriku, mwenyewe ni wewe. Nilikuwa nimesahau kabisa. Ile asubuhi ya safari yako ya kuhamia huko, begi liko mlangoni, gari linapiga honi, nawe ukakimbilia kibandani kumuaga. Ukachutama mbele ya mafiga ukasema, mama mdogo, moto huu usizimike mpaka nirudi, nitakuja kuuota. Sote tulicheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote, ndio maana nilisahau.

Nikamwambia, "Alikuwa anatania, mama."

"Alikuwa analia," akasema. "Mtu hatanii na machozi."

 Tukakaa pale sote wawili, yeye akiinama kupuliza. Akipuliza mara moja anakohoa, anafuta mdomo kwa pembe ya khanga, anapuliza tena. Nikamsogeza pembeni nikapuliza mimi, nikalia, na nikausingizia moshi. Hakuniamini.

Daktari wa zahanati hakumung'unya maneno. Alinivuta pembeni akasema moshi wa miaka yote hiyo umemla kifua, na kwamba asiingie tena kibandani. Nilipomuuliza akiingia masika ijayo itakuwaje, alisema yeye hawezi kuniahidi masika nyingine. Mama mdogo haya anayajua, maana daktari alimwambia na yeye. Alichomjibu ni kwamba kumebaki kidogo tu, binti yake anakuja mwakani.

Mwakani ni neno lako, mdogo wangu. Kila simu unalisema. Sikulaumu, najua linavyotoka, mtu anaulizwa unakuja lini na moyo unajibu kabla ya mfuko na kazi na watoto kuulizwa. Mimi nimezoea kulisikia kama salamu. Yeye analisikia kama tarehe. Ukikata simu anakwenda kuongeza kuni.

Nimewaomba wenzangu wasubiri mavuno haya yaishe, wakanikubalia kwa heshima yake. Kwa sasa tunafunika vitanda kwa turubai kila upepo ukiamka, tunakimbizana kama kuku, lakini haitawezekana muda mrefu. Wangeweza kwenda kuumwagia moto wake ndoo ya maji mara moja ikaisha. Hakuna aliyelitamka hilo, na atakayelitamka nitamfumua nywele.

Ninachokuomba ni hiki. Jumapili ya kwanza baada ya kuipata barua hii piga simu, nitampa mkononi na nitatoka uani. Kama unakuja kweli, mwambie siku, na siku hiyo uje. Kama huji, usimwambie mwakani. Mwambie azime. Mwambie ule moto umeuota vya kutosha, popote ulipo una joto lake, sijui, utajua mwenyewe la kusema, wewe ndiye mwenye mdomo. Lakini litoke kwako. Mimi hata nikiapa hatanisikia, aliyemwachia moto si mimi. Na usimwambie kwamba nimekuandikia hivi.

Sikufichi, nitaumia siku moto huo utakapozimika. Nitakuwa sina tena mahali pa kukuona umekaa kwenye debe lako. Lakini bora nimkose Chiriku wa kibandani kuliko kumkosa mama mdogo.

Mwenyekiti anakusalimu, anasema sare ile ilikuwa sawa, wewe ndiye uliyenenepa. Jirani na mumewe wa chai wanakusalimu. Mjomba kinyozi anauliza kama shemeji ameanza upara, apewe pole mapema. Wabusu wanangu wote wawili mashavuni, yule mkubwa umwambie shangazi wa kwenye simu ni mama yake mkubwa, aache kunichanganya. Mungu awafunike nyote, awape afya na usingizi mzuri.

Mama mdogo amepita hapa dirishani sasa hivi ametoka uwandani, akaniona naandika. Nimemuuliza niweke salamu gani kutoka kwake. Amefikiri kidogo, amekohoa, akajifunga khanga vizuri kama vile unamwona.

Amesema nikuambie kuni zipo.

Dada yako anayekupenda na asiyechoka kukuamrisha,
Sajini