Breki za Kidole Kimoja

Kwako Kaka,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kile kifua chako kiwe kimekuachia walau upate usingizi. Mimi sijambo, ukiondoa kidevu na mbavu za kushoto, na hivyo nitavieleza kila kimoja kwa zamu yake. Shangazi mguu unamsumbua, lakini mdomo haujambo kabisa. Mdogo wetu yu hai. Hilo nimeliandika mapema ili mengine uyasome ukiwa umekaa.

Mzigo wako ulifika salama. Uliniandikia kwamba hapo dukani kwenu mafundi wamegawanyika kuhusu hii mikono ya breki ya bei mbaya. Wengine wanasema ni mapambo ya watu wasiojua pa kupeleka fedha, na wengine wanaapa kwamba ukishaizoea huwezi kurudia ya kawaida. Ukanitumia jozi moja na waya zake na raba zake, niifunge kwenye baiskeli yangu, nishuke nayo mteremko wetu, nikwambie kama inastahili kununuliwa. Ukasema nikiridhika utaleta kasha zima uwauzie wapanda baiskeli wa huku. Nilimsomea muuza mkaa bei uliyotaja, akaniomba nirudie, kisha akauliza kama baiskeli yenyewe inakuja pamoja nayo.

Basi, jibu. Ni kitu kizuri, Kaka, na sikupendelei kwa kuwa umekituma wewe. Ukikishika hakichezi. Hii yetu ya bati ukiivuta inajikunja kwanza, kisha waya unanyooka, kisha ndipo raba inaanza kufikiria kazi. Hiyo yako haina mambo mengi: unagusa, gurudumu linatii. Haipigi kelele, haivujishi kutu kwenye viganja, na imechongwa hata kidole kinajua pa kukaa. Nilipoifunga niliketi nikaitazama kama mtu aliyepata mtoto.

Halafu nikaipanda, ikanipiga chini. Unajua tunavyoshuka huku. Tangu utotoni breki tunaivuta kwa ngumi nzima, meno yameumana, na ndara imekandamizwa kwenye tairi la nyuma kwa msaada. Mtu hafikirii, mkono wenyewe unajifunga. Nilifika pale mwanzo wa mteremko nikajifunga hivyo hivyo, gurudumu la mbele likasimama papo hapo kama limepigiliwa misumari, na mimi nikaendelea na safari bila baiskeli. Kidevu kilipasuka hadi mfupa ukaonekana, na mganga aliyenishona alikuwa na mkono mzito kuliko mshona magunia. Muuza mkaa alinicheka kwa siku kadhaa, kisha akaomba kujaribu uwanjani hapa kwangu, akaangukia beseni la maji la kutafutia pancha. Kuanzia hapo kila aliyeigusa baiskeli ile nilimwambia jambo moja: kidole kimoja. Usivute kwa ngumi, utakufa. Kidole kimoja tu, na taratibu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie kurasa nyingi.

Mume wa mdogo wetu unamkumbuka, yule wa kiwanda cha mbao tuliyemwita Gogo siku ya posa, tukicheka. Kicheko kiliisha zamani. Barua zangu zilizopita sikukuandikia yote kwa sababu mdogo wetu alinishika miguu nisikuandikie. Alimvunja mtulinga kwa kiti. Alimng'oa meno mawili ya mbele, kisha akamtengenezea uji kwa mikono yake mwenyewe na kumlisha, na mdogo wetu akaja kunisimulia habari ya uji kana kwamba meno yalitoka yenyewe. Nilikwenda kwa mabosi wake kiwandani, wakaniambia mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Nilikwenda kwa askari, wakaniuliza kama mwenyewe amelalamika. Mwenyewe alikuwa kila akija kwangu na jeraha, likianza kupona tu anafunga kitenge anarudi. Nilimwambia siku moja tutamletea sanda badala ya dawa. Akaniambia mimi sijaolewa, sijui.

Asubuhi hiyo alikuja mbio, sikio limechanika na damu imeshuka hadi kiunoni. Safari hii, Kaka, hakutaka hata dawa. Alisema Gogo amechukua shoka na kuapa kwa kaburi la mama yake kwamba leo anamaliza kazi, kwa sababu amesikia kwamba mdogo wetu aliulizia nauli ya kuja kwako. Sikumwuliza la pili. Nilisimamisha lori la mbao lililokuwa linashuka, nikampandisha, nikamtuma kwa Shangazi kule chini karibu na stendi, Shangazi amkatie tiketi ya basi la kwanza aje huko uliko.

Lori halijapotea kwenye kona, Gogo akaingia karakana. Shoka lilikuwa mkononi. Alipiga teke benchi, akamwaga sanduku la spana, akapindua fremu zote nilizoziegemeza ukutani kana kwamba mtu mzima anaweza kujificha nyuma ya spoku. Alitaka nimwambie mke wake yuko wapi. Nilimwambia amtafute kaburini kwa mama yake aliyemwapia. Hilo lilikuwa kosa la mdomo wangu, unaujua. Alinyakua pampu akanichapa nayo mbavuni, nikasikia kitu kinakatika ndani. Nilimrudishia spana kwenye kiwiko, akapiga ukelele, akanishika koo akanibana ukutani hadi macho yakaanza kuona giza. Watu walisimama nje. Kaka, watu tunaowazibia pancha kila siku walisimama nje wakitazama. Na katika kusimama huko, mmoja akapaza sauti kwamba mwanamke ameonekana juu ya lori akielekea stendi. Sijui kama alidhani ananiokoa mimi.

Gogo aliniachia, nikaanguka. Alilichomeka shoka mshipini, akatazama huku na huku, akaiona baiskeli yangu, ndiyo pekee iliyokuwa imesimama na upepo kwenye matairi yote mawili. Akaichukua akatoka. Hivyo ndivyo nilivyowaeleza askari: aliichukua kwa nguvu, mimi nikiwa chini sipumui, hatukusemeshana. Waliandika, wakaondoka.

Yaliyotokea mteremkoni nayajua kwa kuwa mdogo wetu aliyaona. Hakuwa stendi. Shangazi alipotoka kukata tiketi alimwacha amelala chali, kitambaa kikiwa sikioni, na aliporudi akakuta mkeka mtupu. Mdogo wetu alikuwa ameshatoka, anapanda mteremko kwa miguu. Alikuwa anarudi kwake. Aliniambia baadaye kwamba alifikiri akirudi mwenyewe kabla hajatafutwa, hasira ingepungua. Basi wanandoa wakakutana kwenye kona ile ya daraja dogo, yeye anapanda, mume anashuka kwa kasi. Gogo alimwona katikati ya njia, akavuta breki kwa ngumi nzima. Baiskeli ilisimama wima juu ya gurudumu la mbele, ikamtupa. Kichwa kilifikia kingo ya daraja, ile ya mawe. Mdogo wetu alikaa chini akakipakata kichwa kile kilichokuwa kimefunguka, akawa anakifunga kwa kitambaa alichokitoa sikioni mwake, huku sikio lake likianza kuvuja tena. Gogo alikata roho wakiwa bado wanatafuta gari.

Tumemzika. Msibani mdogo wetu alilia hadi sauti ikakauka, na shemeji zake wakamwita mchawi mbele ya watu, wakataka kumpiga pale pale kaburini. Muuza mkaa na mimi tulisimama mbele yake, mimi na mbavu zangu zilizofungwa bandeji, na koleo la kaburi nikiwa nimelishika. Nilitamani mmoja wao aje. Hawakuja.

Nimemleta anakaa kwangu. Na hapa ndipo tunapokosana kila siku. Yeye anasema mumewe alivuta breki asimgonge. Kwamba mtu anayetaka kuua angempitia na baiskeli basi yakaisha. Mimi nasema alivuta ili asimame alitoe shoka. Tumezozana hadi tumetupiana vyombo. Mimi na yeye hatujui, wala hakuna atakayejua, na mwenye kujua yuko chini ya udongo.

Kaka, askari niliwadanganya. Nilisema hatukusemeshana. Tulisemeshana.

Alipofika mlangoni na baiskeli alisimama. Alizishika zile breki zako, akaona ni ngeni, akageuka akaniuliza zikoje. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anavyouliza yeyote anayetoka na baiskeli kwenye karakana hii, maana tangu enzi za marehemu Baba hakuna anayeuanza mteremko bila kumwuliza fundi breki zikoje. Unakumbuka Baba alivyotufunza: fundi ana ruhusa ya kudanganya kuhusu siku ya kumaliza kazi, hilo hata Mungu amezoea, lakini kuhusu breki hadanganyi, hata aulizwe na adui yake. Mtu alikuwa amenikaba koo dakika hiyo hiyo, ana shoka kiunoni la kumpasua mdogo wangu, na bado alisimama kuniuliza mimi, akiamini nitamwambia kweli.

Nilimwambia ni ngumu kidogo kwa kuwa ni mpya, avute kwa ngumi zote mbili, kwa nguvu.

Akaniambia, asante, shemeji. Akaondoka.

Sikupotea akili, usije ukanitetea kwa hilo. Nilijua ninachosema wakati nakisema. Kidevu changu kilikuwa bado kina uzi. Nilitaka afe kabla hajafika stendi, nikachagua maneno yatakayomuua, na sijutii kwamba hayupo. Lakini ile asante yake inanirudia nikikaza nati, inanirudia nikinawa. Ningepata nafuu kama angenitukana.

Na mdogo wetu amejua. Usisahau kwamba yeye pia ni mtoto wa fundi, amekulia chini ya benchi lile lile. Alianza kwa kuniuliza kama breki zilishindwa. Ningeweza kusema ndiyo, waya ulikatika, tukayamaliza. Sikuweza kudanganya kuhusu breki mara ya pili. Nilimwambia hazikushindwa. Akaendelea kuchambua mchele, halafu akauliza, bila kunitazama, kama mumewe aliniuliza zikoje. Sikujibu.

Alinirukia, Kaka. Sahani ya mchele iliruka. Alinipiga usoni, akanipiga kwenye zile mbavu akijua ziko wapi, akaniuma bega hadi damu ikatoka, na pengo la yale meno mawili nikalihisi kwenye ngozi yangu. Alikuwa ananipiga kama alivyopigwa yeye, palepale, kwa mpangilio ule ule. Mikono yangu niliiacha chini. Aliponichoka alikaa juu ya mchele uliomwagika, akawa anahema, na mimi nikawa nahema, hadi akasogea akaanza kunifuta bega kwa ncha ya kanga yake. Aliniambia nisimwambie mtu mwingine yeyote maadamu niko hai.

Nimemwahidi. Lakini wewe nimeona si mtu mwingine.

Sasa nisaidie. Ndugu wa marehemu bado wanapita barabarani wakitema mate mlangoni, na naogopa siku moja hawataishia kwenye mate. Mtumie nauli ile ile aliyoiulizia, aje kwako, akae mahali ambapo hakuna anayejua sikio lake limechanwa na nani. Asikwambie anataka kubaki kunitunza mimi. Atasema hivyo, usimsikilize. Na akifika usimwulize chochote, mpe kazi dukani, anajua kukaza spoku kuliko hao mafundi wenu wanaobishana.

Kuhusu breki, nunua ya kwako, utafurahi nayo hadi uzeeni. Kasha usilete. Huku mikono yetu imeshajifunza vibaya, na fundi wa kuifundisha upya hayupo.

Shangazi anakusalimu, anasema umletee dawa ya mguu na si kadi. Muuza mkaa anakusalimu pia, amehamia kulala mlangoni kwetu na rungu bila kuombwa. Wasalimie watoto, mwambie wifi nimevaa ile sweta. Mdogo wetu hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo salamu zake sinazo.

Ni mimi dada yako,
Fundi.