Tuachie Sisi, Shangazi

Jumamosi, 14 Juni

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, walio karibu na walio mbali: leo Klabu yetu ya Huduma imezindua benchi. Benchi moja. La mbao, la kijani, mbele ya zahanati, wagonjwa wapate pa kungojea zamu. Utepe ulikuwepo. Hotuba zilikuwepo, tena za kutosha. Mkasi ulikuwepo ila ulikataa kukata, kwa hiyo mwenyekiti akauchana utepe kwa meno. Ni mwokaji mikate, meno anayo.

Kisha akakaa. Rangi mbichi! Rangi ya dukani kwangu, ile niliyoapa mbele ya kamati kwamba inakauka hata kabla hujamaliza kusema "kauka". Suruali nyeupe ikatoka na mistari, kama pundamilia aliyelalia majani. Mke wangu akasema haya, angalau sasa klabu ina bendera.

Tulicheka mpaka machozi. Ndiyo maana yaliyofuata yananiuma kuyaandika.

Dakika Moja hakuwepo. Ndiye mwasisi wetu, fundi redio mstaafu. Jina alilipata kwa kuomba "dakika moja tu" kwenye kila mkutano, akaja kutuachia makalio yameshakufa ganzi. Siku hizi kumbukumbu inamtoroka. Juzi aliniita kwa jina la marehemu baba yangu, akaniuliza bisibisi yake nimeiweka wapi. Basi kutomwona leo hakukutushtua sana.

Simu yangu ikaita watu bado wanacheka. Mkewe – Shangazi, sote tunamwita hivyo kwa sababu sote hutugombeza. Analia. Baba ametutoka. Nikamwambia pole sana Shangazi, tunakuja, usihangaike na chochote, tuachie sisi.

Nikamnong'oneza mwenyekiti. Tukasimama kimya dakika moja – moja kweli, marehemu asingeamini – na mwenyekiti mbele yetu na mistari yake. Hakuna aliyecheka tena.

Kamati ilikaa hapo hapo. Kuwahudumia walio hai tunababaika, lakini msiba! Msiba tunaujua. Huyu viti, yule turubai, yule masufuria. Mimi ndiye msemaji: nikaandika tangazo, nikaweka picha yake ile ya kofia, nikalirusha kwenye magurupu yote ya mji. Kwenda, tutakwenda kesho asubuhi. Utaratibu wetu hauruhusu mtu kutangulia peke yake. Twende wote, lori moja, vizibao vya njano, mfiwa atuone tumejaa.

Nimelia kidogo bafuni. Mke wangu amejifanya hakusikia.


Jumapili, 15 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tulimkuta Shangazi amekaa kizingitini, viatu miguuni, macho mekundu. Alipoliona lori alikuja mbio. Hakutusalimu. Akaanza kuchungulia nyuma, katikati ya viti. "Mmempata? Yuko wapi?"

Mwenyekiti alikuwa ameshaanza salamu za pole. Vijana wa turubai walikuwa wameshasimamisha nguzo mbili. Shangazi akaziangalia nguzo.

"Hilo turubai ni la nani?"

Wote, mmoja baada ya mwingine, wakanigeukia mimi.

Ametupotea. Ndivyo alivyosema kwenye simu. Si ametutoka – ametupotea! Mzee alikwenda kununua betri za redio jana asubuhi, hakurudi. Shangazi alizunguka mtaa mzima peke yake, miguu ikavimba, ndipo akatupigia. Baada ya hapo simu yake ilikwisha chaji, na nyumba haina umeme tangu juzi. Akakaa kutungoja. Hakumwambia jirani hata mmoja. Kwa nini awasumbue majirani, na klabu nzima imesema inakuja?

"Nikajua mnamtafuta," alisema. "Nikajua mkichelewa ni kwa sababu mnamtafuta."

Nguzo zilishushwa bila mtu kuagiza.


Jumatatu, 16 Juni

Hospitali, hayupo. Chumba cha maiti – namshukuru Mungu, hayupo. Mtaa wa mafundi, alikofanya kazi maisha yake yote: hawajamwona.

Kituoni askari wa zamu aliitazama picha, akatoa simu yake mfukoni, akanionyesha. Tangazo langu. "Si ndiye huyu mliyemtangaza juzi?"

Nikasema ni kosa, afande.

"Basi ungeanza kwanza na kumfufua, mzee, halafu ndiyo uje kwangu."

Mwenzake akacheka. Hata mimi nilicheka, kwa aibu. Lakini waliandika taarifa, tena vizuri.

Nimerusha sahihisho kwenye magurupu yote. Yu hai! Amepotea! Tusaidieni! Lakini tangazo la kwanza lilikuwa na mabawa, hili linatembea kwa magongo. Watu wanaliona jina na picha ya kofia, hawasomi zaidi. Wanajibu: apumzike kwa amani. Mmoja kaandika: poleni sana ndugu zetu, majonzi yanawachanganya.


Jumanne, 17 Juni

Stendi ya mabasi. Mama muuza matunda aliitazama picha, akaweka kisu chini.

Alimwona. Jumamosi jioni. Alikaa pale kwenye ukingo wa saruji, kapakata pakiti ya betri. Na huyu mama alikuwa ndiyo kwanza ametumiwa tangazo na dada yake – picha ile ile, kofia ile ile.

"Nikasema duniani wawili wawili," akaniambia. "Halafu akanisalimia. Sikuitika, baba yangu. Niliogopa. Nilijua ni mzuka."

Nikamuuliza kama alisema kitu kingine.

"Aliniuliza njia ya kwenda kwao. Nikageuza uso. Nilipotazama tena, hayupo."

Alianza kulia, nami nikamwambia si kosa lake. Akauliza, sasa ni kosa la nani, la hao waliotangaza? Nilikuwa nimevaa kizibao cha njano, jina la klabu mgongoni. Nilirudi kinyumenyume mpaka nikalifikia lori.


Jumatano, 18 Juni

Mvua kutwa. Tumezunguka. Hakuna.


Alhamisi, 19 Juni

Mwenyekiti alipita dukani. Amezeeka wiki hii, mikate yake nayo imeungua. Anasema watu wanauliza, klabu lazima itoe kauli. Ameshapata maneno: "hitilafu ya mtandao". Nzuri! Haina jina la mtu ndani. Akanishika bega. Ndugu yangu, simu hizi nani asiyezijua, leo unaambiwa "lete nazi" unasikia "lete ngazi". Hakuna anayekulaumu.

Nikaiandika kauli. Nikairusha. Hii imesomwa mara moja, na wote wameielewa. Simu hizi bwana! Hata waliosema nina masikio ya mapambo wameniomba radhi.

Mke wangu aliisoma mara mbili. Akaniuliza: "Mtandao ulikuwa mbaya? Mbona mimi wakati ule ule nilikuwa naongea na mama, nikamsikia mpaka anavyotafuna?"

Akaenda kuanua nguo.


Ijumaa, 20 Juni

Nilikwenda kwa Shangazi leo nikiwa peke yangu, bila kizibao. Binti yake amefika, amelala, amechoka na safari. Shangazi alinimiminia chai. Akasema usijitese, mwanangu, simu hizi ndizo zilizotuponza. Mwanangu! Wiki nzima nilikuwa nangoja anigombeze, naye ananiita mwanangu.

Nikaweka kikombe chini, nikamweleza. Naandika hapa kama nilivyomwambia, nisije nikayapamba kesho.

Mtandao ulikuwa safi. Simu ilipoita, mwenyekiti alikuwa ndiyo kwanza amesimama na kuwageuzia watu ile mistari. Niliipokea huku nacheka. Nikasikia "baba ametu–" na hapo nikaisogeza simu mbali na mdomo, nisisikike nikimchekea mtu anayelia. Mwisho wa neno sikuusikia. Niliumalizia mwenyewe. Kwa umri wetu, na kwa klabu yetu, neno likianza hivyo tunajua linakoishia. Nilipoirudisha simu sikioni alikuwa anasema mnaweza kuja? Ningemwambia rudia, Shangazi, sikusikia vizuri. Maneno machache tu. Niliona haya kumrudisha mtu kwenye kilio chake. Na nitaisema na hii pia: nilitaka kuwahi kurudi kwenye kile kicheko.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, taratibu, kama anayetaka tu kufahamu:

"Na uliposema niwaachie ninyi. Ulikuwa una maana niwaachie nini?"

"Viti, Shangazi," nikasema. "Viti na turubai."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alivaa viatu, akachukua mtandio, akatoka. Nikamfuata kwa mbali kidogo. Hakunikataza, hakunikaribisha.

Tupo stendi sasa. Naandika nimesimama, daftari juu ya boneti ya basi bovu. Anakwenda kwa dereva mmoja mmoja na picha ile ya kofia. Nao ni watu wema, wote wamepata habari. Kila dereva anavua kofia, anamshika mkono, anamwambia pole sana mama, na kila mara inambidi aanze upya: hapana baba, yu hai, nauliza tu kama mme–